Pemba Yangu Ilikuwa Tamu

Abigaïl alimega kipande kidogo cha pemba yangu, akakiweka kwenye ulimi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimekaa mlangoni kwangu mtaa wa Hewa Bora, hapa Lubumbashi, napanga vipande kwenye sahani nyeupe ili nipige picha ya watsapu.

“Mama Virginie,” akasema, “unatiamo sukari?”

“Sukari gani? Natiamo ndimu na kachumvi, basi.”

“Iko na utamu-utamu kwa mwisho.”

“Eh, njo banamama banapenda! Bengine banauzisha udongo. Miye nauzisha bonbo, pipi.”

Hakucheka. Abigaïl hucheka mizaha yangu yote, hata ile isiyochekesha. Alikitema kile kipande kwenye kiganja, akakifunga ndani ya karatasi. Akaniomba kipande kingine, kisha akaomba kipande cha udongo mbichi, ule ambao bado haujapita mikononi mwangu. Alivitia vyote katika mkoba wake, kila kimoja na karatasi yake, akaandika juu. Hakuniambia ni vya nini, nami sikuuliza.

Asiyekula pemba nimweleze. Ni udongo mweupe, laini, ambao wanawake wenye mimba huutamani kama wengine wanavyotamani nyama. Wangu hutoka upande wa Lukafu, kwa mama mmoja anaitwa Bwalya, anayeuchimba kando ya mto. Mimi huuponda, huupepeta, huukanda kwa maji ya ndimu na chumvi, huukata vipande na kuuanika juani kwa siku tatu. Ndimu ilikuwa akili yangu mwenyewe. Mwenye mimba hupenda kitu kikali. Kwa ndimu hiyo nilijulikana mpaka mtaa wa Golf, kwa wake za matajiri, ambao hawakujua sura yangu bali sauti yangu tu.

Sauti, kwa sababu biashara ile niliifanya kwa vokali, yaani ujumbe wa sauti. Abigaïl ndiye aliyenianzishia. Sikuwa na duka wala meza sokoni. Nilikuwa na simu ya mkono wa pili, kioo kimepasuka, na sahani moja nyeupe. Alinionyesha jinsi ya kupiga picha karibu na mlango, mwanga uingie kwa upande. Akafungua kundi, akaliita Pemba ya Mama Virginie, akanifundisha kushika ile alama ya kipaza sauti na kusema. Herufi nimezijua ukubwani, kwenye darasa la parokia, na hata leo naandika polepole. Lakini kusema najua. Nilisema, watu wa pikipiki wakapeleka, na kundi likafika wanawake mia na arobaini.

Abigaïl ni mpangaji wangu. Ana miaka ishirini na saba, anakaa chumba cha nyuma ya parsela yangu, kiwanja ninachokaa. Babu yake alitoka Kasai kufanya kazi ya reli, baba yake anauza vitambaa, na kwao mtoto hasomeshwi kwa kuwa ni wa kiume, husomeshwa kwa kuwa ni mtoto. Niliwaonea wivu kwa jambo hilo tangu siku ya kwanza. Kwetu, baba alikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja. Akamchukua kaka yangu Stanislas, aliyelala darasani miaka sita, na mimi nikabaki nyumbani kumpikia arudipo.

Abigaïl alisoma kemia kwenye chuo kikuu, akamaliza wa kwanza katika mwaka wake. Akachukuliwa na labo moja hapa mjini, nyumba ambako wafanyabiashara na makampuni hupeleka mawe yao yapimwe, yajulikane yana shaba kiasi gani, kobalti kiasi gani, dhahabu kama ipo. Siku ya kwanza alivaa bluzi yake nyeupe, koti la labo, niliyoipiga pasi mwenyewe. Wakamweka kwenye chumba cha vumbi, kusaga mawe, kuchekecha na kuandika namba kwenye vifuko. Kasonde, kijana aliyesoma naye, ambaye Abigaïl ndiye aliyemweleza masomo usiku wa kuamkia mitihani, aliwekwa kwenye mashini ya kusoma vyuma, chumba cha baridi, kiti cha kuzunguka.

Alimwuliza shefu, mkubwa wa labo, kwa nini. Shefu anaitwa Hénoc. Alimjibu mbele ya wote.

“Mademoiselle Inginia, bankambo betu, bababu ba zamani, bale bayeyushaji ba shaba, habakuachaka mwanamuke afike karibu na furu, tanuri yao. Shaba inakasirika, inakatala kutoka. Miye nilisoma Ubelgiji, lakini bankambo habakukuwa bajinga. Ile mashini iko na moto ndani. Na weye uko na mambo yako ya kila mwezi.”

Wakacheka wote. Kasonde pia alicheka, akiangalia viatu vyake.

Abigaïl aliponisimulia, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, sikushangaa. Nilikijua kinywa kile. Mimi niliosha vyombo vya labo ileile miaka kumi na moja, vikombe vya kioo, vijiko, masinia ya kukaushia unga wa mawe. Ukiosha kitu miaka kumi na moja unakijua. Kwa rangi iliyobaki ndani ya kikombe nilikuwa naweza kusema jiwe lilikuwa la nani. Siku moja nilimwambia Hénoc kwamba vikombe viwili vimebadilishana, kwa sababu kile cha mteja wa shaba hakikuwa na doa la kijani. Akaniambia nioshe. Juma lililofuata mteja alikuja kupiga kelele, na nikamsikia Hénoc akisema mwenyewe alikwisha kugundua kosa, akaeleza habari ya doa la kijani, maneno yangu yote, kwa kinywa chake.

Kisha kikombe cha platini kikapotea. Kidogo kama kikombe cha dawa, lakini ghali kuliko nyumba yangu. Walinipekua mimi peke yangu. Walifungua mkoba wangu, wakanivua kitambaa kichwani mbele ya wanaume. Hawakuona kitu, wakanifukuza hivyohivyo. Miezi miwili baadaye kikombe kilionekana nyuma ya tanuri, mlinzi ndiye aliyeniambia. Labo haikuniita, wala haikuniomba samahani.

Siku ile ya kufukuzwa, nilipofika langoni, palikuwa na masinia manane ya chuma, yameliwa na kutu, yanangoja kutupwa. Hénoc alikuwa amesimama na walinzi.

“Mama Virginie,” akasema, “beba zile masinia, usiseme labo haikukupatia kitu.”

Walinzi wakacheka. Nikayabeba. Niliyabeba kwa hasira, nikajitwika kichwani mpaka Hewa Bora. Nikayasugua kwa mchanga, kwa sabuni, kwa majivu, mara saba. Hakuna mtu Lubumbashi aliyejua kuosha masinia yale kunishinda mimi. Na juu yake nikaanza kuanika pemba.

*

Jumanne ile Abigaïl alirudi nyumbani saa saba mchana. Yeye hurudi saa kumi na moja. Alikuwa bado na bluzi nyeupe, anahema, hana mkoba.

“Mama, unakaushaka pemba mu nini?”

Masinia yalikuwa mbele yake, juani, yamejaa pemba, na ukingoni mwa kila moja kuna namba ya labo imepigwa kwa nyundo. Alikuwa ameyapita kila siku kwa mwaka mzima bila kuyatazama, kama mtu anavyopita kamba ya nguo.

Aliinama, akasoma namba. Akajishika kichwa.

“Kasonde alienda kula, akaacha mashini wazi,” akasema. “Nikapima. Udongo ya Bwalya iko safi. Ile umeanika iko na plombu. Mingi, mama. Sijaonaka mingi vile mu kitu ya kula.”

“Plombu ni nini?”

“Risasi, ile chuma ya sumu. Iko mu ule unga wa manjano wa labo, wa kutafutia dhahabu. Banayeyusha jiwe pamoja nayo. Haya masinia yalibeba ile unga miaka na miaka.”

Ule unga niliujua. Rangi yake kama ya kiini cha yai. Nilikuwa naufuta kwa kidole.

“Niliosha,” nikasema. “Mara saba niliosha.”

“Haitoke na sabuni. Iko ndani ya kutu. Lakini ndimu inaitoa. Ndimu inaivuta, inaingia mu pemba. Na ikishavutwa na kitu kikali, inakuwa na utamu.”

Alisema hivyo polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Nikamwona anatazama kinywa changu, kisha tumbo langu, kisha akauliza.

“Nani mwenye mimba anakula kila siku?”

“Brigitte.”

Akakaa chini, kwenye vumbi, na bluzi yake nyeupe.

Brigitte ni binti yangu, sina mwingine. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Kila Jumapili, baada ya misa, nilikuwa nampelekea pakiti kwa mkono wangu mwenyewe, ile nzuri kabisa, iliyokaa kwenye sinia siku nyingi zaidi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa tamu zaidi.

Na hiyo ilikuwa mimba ya tatu, na katika zote tatu nilimlisha pemba. Ya kwanza ilitoka kwenye mwezi wa tano, ya pili kwenye mwezi wa nne. Baada ya ile ya pili, mama wa Aimé, mume wa Brigitte, alisema kwa sauti, kwenye sala ya familia, kwamba kuna mtu anakula watoto wale, na mtu huyo hayuko mbali. Alisema akinitazama mimi. Wale wasiojua mambo ya kwetu wafahamu: mwanamke mzee anayetajwa hivyo hulala macho wazi. Nimeona nyumba zikivunjwa kwa maneno madogo kuliko yale.

Nilikaa nikahesabu. Masinia yalikuwa na miaka mitano kwangu. Mimba ya kwanza ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Ya pili, mwaka mmoja na nusu. Nikahesabu tena, nikitafuta mahali nilipokosea. Sikupapata.

“Karatasi ya majibu iko wapi?” nikauliza.

“Shefu aliipasua. Alinikuta kwa mashini. Nilimwambia, shefu, ni pemba ya Mama Virginie, banamama ba mimba banaikula, nisaidie. Akapasua. Akaniambia nitoke, akinihitaji ataniita.”

*

Simu ililia saa tisa. Namba siijui. Nikashika, na sauti ile ikaingia sikioni mwangu baada ya miaka mitano, laini kama ya padri.

“Mama Virginie! Ni shefu Hénoc. Habari ya siku mingi? Nasikia uko mufanyabiashara mukubwa sasa, mu telefone. Felisitasio, hongera!”

“Shefu.”

“Sikia, mama. Yule mutoto Abigaïl alikuletea woga. Usiogope. Hajui mashini. Anakuyaka kusaga mawe, njo kazi yake. Alishika mashini bila kuipanga, mashini ikasema upuuzi. Miye mwenyewe nilipima tena. Pemba yako iko safi kabisa. Unasikia? Miye nasema.”

Nililia. Nililia kwa furaha, na simu sikioni, nikasema asante shefu, asante baba, binti yangu ana mimba, Mungu akubariki. Nayaandika haya kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyenivua kitambaa kichwani aliniambia neno nililolitaka, nami nikalipokea kwa mikono miwili.

Nikaenda mlangoni kwa Abigaïl.

“Shefu anasema mashini ilikosea.”

Alikuwa anakunja nguo. Hakugeuka.

“Nilipima mara tatu, mama.”

“Anasema haukuipanga. Yeye alisoma Ubelgiji.”

“Na miye nilisoma kwa nani? Kwa bakuku?”

“Abigaïl, yeye ni shefu. Ni mwanaume wa miaka ile yote mu kazi. Weye uko mutoto.”

Hapo akageuka. Macho yake yalikuwa makavu.

“Weye pia, mama?” akasema. “Weye pia?”

Nikaondoka. Sikumpigia Brigitte. Nilijiambia kwamba kumtisha mwenye mimba ni vibaya, kwamba nitasubiri, kwamba shefu amesema. Lakini kila nikifumba macho naona kidole changu kina unga wa manjano.

*

Kesho yake, saa tatu asubuhi, gari la labo likasimama mbele ya parsela. Hénoc alishuka mwenyewe, tumbo mbele, na wafanyakazi wawili nyuma yake. Alisalimia majirani. Hakutaka kiti.

“Mama, labo iko nakusanya vitu vyake vya zamani,” akasema. “Bantu ba kontrole, bakaguzi, banakuya. Zile masinia, nitakupatia zingine za mupya, za aluminiamu. Muzuri kuliko hizi.”

“Asante, shefu,” nikasema, na nikaanza kumwaga pemba niwapishe.

Ndipo nikawaona wale wafanyakazi wawili. Walitoa mifukoni glavu za mpira, zile ndefu, zinazofika kwenye kiwiko. Wakazivaa. Wakafunga vitambaa puani. Mmoja akafungua mfuko mzito wa plastiki, akainua sinia la kwanza kwa ncha za vidole, mbali na mwili wake, kama mtu anayebeba panya aliyekufa.

Mikono yangu ilikuwa mitupu, imejaa pemba.

“Shefu,” nikasema, “kama mashini ilidanganya, glavu ni za nini?”

“Ni usafi, mama.”

“Miaka kumi na moja niliosha hizi masinia kwako. Siku gani ulinipatia glavu?”

Jirani mmoja alikwisha kusimama kwenye ukuta. Nikalivuta lile sinia kutoka mkononi mwa yule mfanyakazi, nikaliweka chini juu ya mengine, nikakaa juu yake. Sikupanga kufanya hivyo. Haikuwa ushujaa.

“Hazitoke,” nikasema. “Ulinipatia mbele ya walinzi. Ulisema nisiseme labo haikunipatia kitu. Eh bon, leo niko nasema ilinipatia.”

Abigaïl alikuwa ametoka chumbani kwake, amesimama nyuma yangu. Hénoc alimtazama yeye, kisha mimi. Akainama karibu, nikasikia harufu ya manukato yake. Ile sauti ya padri ilikwisha.

“Fikiri muzuri, mama. Nani alilisha bale banawake? Miye? Sauti ya nani iko mu telefone yao? Ukisema, polisi itakuya hapa, haitakuya kwangu. Na mutoto yako mwenye mimba, ukimwambia weye ulimupa sumu, famili ya bwana yake itakufanya nini?”

Hakukosea. Ndilo jambo lililonitisha kuliko yote: kila neno lake lilikuwa la kweli. Mkono uliokanda ulikuwa wangu. Mkono uliopeleka ulikuwa wangu.

Waliondoka bila masinia, kwa sababu majirani walikuwa wengi. Nilibaki nimekaa pale pale mpaka Abigaïl aliponiinua.

“Nisamehe,” nikamwambia.

“Nawa mikono kwanza,” akasema. “Kisha twende Katuba.”

*

Brigitte anakaa Katuba. Njiani sikusema kitu. Nilitamani pikipiki ipate pancha, mvua inyeshe, daraja likatike. Tulimkuta amekaa uani, miguu ndani ya beseni la maji kwa sababu ya kuvimba, na mkononi ana kipande cha pemba.

Nilimpokonya. Nilikitupa ukutani.

“Mama! Unapata wazimu?”

“Usikule tena. Hata kidogo. Tema.”

Kisha nikamwambia. Sikuficha chochote, masinia, ndimu, utamu, shefu, na siku moja nzima niliyokaa kimya nikijua. Niliposhindwa, Abigaïl aliendelea, kwa maneno mafupi, plombu inaingiaje katika damu na jinsi damu ya mama inavyokwenda kwa mtoto. Mama wa Aimé alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Alisikia yote.

Brigitte akafuta unga wa pemba kwenye vidole vyake, akaniuliza.

“Na ile ya kwanza, mama?”

Nikamtazama Abigaïl.

“Na ya pili?”

“Hatujui,” Abigaïl akasema. “Dada Brigitte, mimba inaweza kutoka juu ya mambo mingi. Inaweza kuwa ni hii, inaweza kuwa haiko hii. Hakuna kipimo tena cha kujua. Anayekuambia anajua, anakudanganya.”

“Miye nilisema!” mama wa Aimé akapiga kelele. “Mu sala nilisema! Ni yeye mwenyewe! Mulozi!”

Nilifumba macho. Nilikuwa nangoja mwiko kichwani, nangoja majirani waitwe. Nilisikia maji ya beseni yakimwagika, Brigitte amesimama.

“Bamama, nyamaza,” akamwambia mama mkwe wake. “Mulozi hawezi kuya kujisema mwenyewe mu parsela ya bantu, mchana. Tafuta kitenge yangu. Tunaenda lopitali.”

Hakunishika mkono. Alimshika Abigaïl.

Hospitalini daktari alisikiliza robo ya habari, akauliza ni nani aliyepima pemba hiyo. Abigaïl akasema, “Ni miye.” Daktari akatazama nyuma yake, kama vile kuna mwanaume anayekuja baadaye kueleza. Hakukuwa na mtu. Abigaïl akaanza kumtajia hesabu alizozishika kichwani, kiasi cha plombu katika udongo mbichi, kiasi katika pemba, jinsi alivyoiyeyusha, mara ngapi aliirudia. Daktari akaacha kuandika, akamtazama tena. Akamsogezea karatasi na kalamu.

“Andika vyote. Na utie sahihi.”

Mwaka mzima katika labo ile, jina lake halikuwahi kukaa chini ya majibu yoyote. Siku hiyo lilikaa. Niliona mkono wake unavyoliandika, polepole kama mimi ninavyoandika.

Damu ya Brigitte ilichukuliwa ikapelekwa mbali. Majibu yangekuja baada ya wiki tatu.

*

Jioni hiyohiyo nilishika ile alama ya kipaza sauti. Nilirudia mara nne kwa sababu ya kilio. Mwishoni nilisema hivi: bamama, ni Mama Virginie. Pemba niliyowauzia iko na sumu ya risasi. Haikutoka kwa udongo, ilitoka kwa masinia ya labo niliyoanikia. Mutupe yote. Mwenye mimba aende lopitali apimwe damu, aseme plombu, daktari atafahamu. Kosa ni langu, sikujua, lakini ni langu.

Kisha nikaweka simu kwenye meza na kukaa mbali nayo, kama mtu aliyeweka nyoka. Ilianza kulia. Wengine walitukana mimi, wengine mama yangu aliyekufa. Mwanamke mmoja wa Golf alituma vokali isiyo na maneno, kulia tu, dakika nzima, na hiyo ndiyo ninayoisikia mpaka leo. Nusu ya kundi walitoka siku hiyo. Polisi hawajaja. Kila gari likisimama mbele ya parsela nadhani ni wao.

Masinia tuliyafunga katika mifuko, mtu wa mazingira kutoka ofisi ya mkoa akaja kuyachukua, akaandika karatasi. Abigaïl alipokea barua ya kufukuzwa, ina makosa mawili ya tahajia, aliyahesabu. Kasonde alimtumia ujumbe wa pole, hakujibu. Siku hizi anafundisha kemia wasichana wa sekondari kwa simu, jioni, na wanawake waliobaki katika kundi wanamtumia picha za poda, za sufuria, za maji ya visima, wanamwuliza, Ya Abigaïl, dada yetu, hii iko muzuri? Mara nyingi anawajibu, “Sijui, sina mashini.” Nao wanamwuliza tena. Ameandika barua kwa labo tatu. Moja imemjibu kwamba inatafuta mtu wa kusaga mawe.

Majibu ya damu yalikuja. Plombu ilikuwepo. Daktari alisema si kidogo, lakini amewahi kuona zaidi. Akasema Brigitte ale vizuri, anywe maziwa, aje kila wiki, tusubiri. Neno hilo la tusubiri lilinila mwili. Nilikonda mpaka kitenge kikawa kinanizunguka mara mbili. Nilikuwa nakaa mlangoni nasikiliza simu, na kila ilipolia na jina la Brigitte likatokea nilikuwa naiacha ilie kidogo, ili nibaki bado sijui.

Mtoto alizaliwa wiki tatu kabla ya siku zake. Msichana. Mdogo kama mkate, lakini alilia. Nilikuwa kwenye korido, niliisikia sauti yake kupitia mlango. Mama wa Aimé alinipita bila kunitazama. Wamemwita Madeleine.

Sasa ana miezi tisa. Daktari alituambia tuangalie: anakaa lini, anashika vitu namna gani, akiitwa kwa nyuma anageuka au hageuki. Alisema plombu haionekani usoni, inaonekana polepole, pengine shuleni, pengine isionekane kabisa. Brigitte ananiruhusu kumshika Jumapili, kwa muda wa saa moja, yeye akiwa hapohapo. Tunaongea habari za hali ya hewa na za bei ya unga. Juu ya zile mimba mbili hatujaongea tena.

Jumapili iliyopita Brigitte aliingia ndani kuleta maji. Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka, amenipa mgongo, anacheza na kifuniko. Nikamwita kwa sauti ndogo. Madeleine. Akageuka, akanichekea kwa meno yake mawili. Nikangoja aurudie mchezo wake, nikamwita tena. Akageuka. Nikamwita mara ya tatu, naye akaendelea kupiga kifuniko chini, hakugeuka. Labda amechoka. Labda amezoea sauti yangu. Nilisogea karibu kidogo, nikamwita tena.